Fimbo ya Kuvalia ya Mama Syovata

Mimi ni fundi cherehani, na watu nawajua kwa nguo kabla ya sura. Mtu akipita barabarani hapa Waa, jicho langu huanzia kwenye pindo, likapanda hadi begani, na likifika usoni nimeshajua kama amevaa gizani, kama amenenepa tangu Idi iliyopita, au kama nyumbani hana mtu wa kumwambia kola imekunjika. Marehemu mume wangu alikuwa akinisema kwamba hata matangani nahesabu mishono. Alinisingizia. Siihesabu, naiona tu, na nikiiona imekwenda upande mkono unaniwasha hadi niirekebishe.

Nalisema hili mapema ili mwelewe nilivyoteseka asubuhi ile Mama Syovata alipoondoka.

Mama Syovata si mtu wa Waa. Ni Mkamba wa Makueni aliyeletwa Mkongani na mumewe angali bi harusi, wakati watu wa bara walipokuwa wakipata mashamba huko. Walifyeka, wakalima mahindi na mihogo, wakafuga ng'ombe, wakawazaa Mulinge na Dianah. Baadaye mume alifariki, Mulinge akarudi Makueni kufungua duka la vifaa vya ujenzi mjini Wote, Dianah akaolewa, naye mama akabaki na shamba lake wala asione kama amebaki peke yake. Alikuwa na ng'ombe wa kugombana nao na kanisa la kuimba Jumapili. Ukimuuliza kwao ni wapi, anakujibu Mkongani, na wala hatanii.

Kiharusi kilimpata zizini, ndoo ikiwa mkononi. Majirani walimkimbiza hospitali, akalazwa Msambweni wiki kadhaa, akatoka anasema vizuri, lakini mguu wa kulia anauburuta na mkono wa kulia umelala kabisa. Dianah akamleta kwake hapa Waa, nyumba inayopakana na yangu kwa ua wa makuti. Ndivyo tulivyojuana.

Dianah anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kule Galu, na zamu yake inamtoa nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri. Mumewe, Mwero, ni Mduruma wa upande wa Kinango. Yeye ni fundi wa baiskeli, na kibanda chake kiko pale pale uani, kimegusana na nyumba, kinatazama barabara. Hawajajaliwa mtoto bado. Kwa hiyo kuanzia alfajiri hadi jioni nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, mama mkwe na mume wa binti yake.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Wakamba wana kitu wanachokiita nthoni. Ni haya, ni heshima, ni uzio usioonekana baina ya mama mkwe na mkwe wake wa kiume. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja hupinda akapita majanini. Waduruma wana yao ya namna hiyo, na sisi Wadigo pia, ingawa sisi tumelegeza sana. Mwero hakulegeza hata uzi mmoja. Alikuwa akimsalimia mama kupitia ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Basi, imetosha hadi kesho. Maji ya kuoga aliyaacha mlangoni, akakohoa, akaondoka. Mama akitoka kuota jua, Mwero alikuwa akigeuza kigoda chake akaupa uwanja mgongo, akaendelea kuziba pancha. Mama naye, kila alipotoka, mkono mgonjwa aliufunika kwa leso usionekane. Niliwatazama watu wale wawili nikawa sijui nicheke au niwaheshimu.

Sasa mwanamke asiyeweza kujivalisha akae ndani ya uzio kama huo, atavalishwa na nani? Nikaitwa mimi.

Kila asubuhi nilikuwa nafagia kwangu, nabandika chai, kisha napita pengo la ua. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alimfundisha Dianah, na Dianah akanifundisha mimi: mkono mgonjwa ndio wa kwanza kuingia kwenye nguo, na ndio wa mwisho kutoka. Ule mzima utajitafutia njia, ule mwingine hauwezi. Nimeshona nguo tangu usichana wangu na sikuwahi kulifikiria hilo.

Mama Syovata alikuwa akifumba macho nikimvalisha. Tangu nguo ya ndani hadi leso, macho yamefungwa na kidevu kiko juu, utadhani anasubiri daktari wa meno amalize. Nami nikiona aibu huwa naongea. Nilimweleza habari za kuku wangu, za harusi iliyovunjika nyumba ya tatu, za mwalimu wa madrasa aliyepoteza kiatu kimoja akarudi nyumbani na cha mtu. Asubuhi moja akafumbua jicho.

"Twaiba," akasema, "mtoto mchanga akivalishwa hupewa nafasi ya kulia. Mimi hata hiyo sipati, maana wewe hunyamazi."

Tukacheka hadi Mwero akakohoa huko kibandani kutukumbusha kwamba yuko. Lakini nilipomfunga leso nilimwona anajifuta shavu kwa bega, upande ule mzima, na nikajua kwamba maneno yale hayakuwa mzaha mtupu.

Alichotaka ni kimoja: kurudi Mkongani. Ng'ombe wake walikuwa kwa jirani, nyumba imefungwa, na kila mvua ilipotishia alikuwa akiuliza nani atapanda. Mulinge alikuja kumwona, akasimama katikati ya uwanja na funguo za gari zikizunguka kidoleni. Si mtoto mbaya. Ni mtu wa kumaliza mambo haraka, kama wenye maduka walivyo.

"Mum, tuongee ukweli," akasema. "Huwezi kuvaa nguo, utaishi aje shamba peke yako? Twende Wote. Kuna chumba, kuna msichana wa kazi, kila kitu iko."

"Na shamba?"

"Shamba tutakodisha watu."

Mama Syovata alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki. Alizitazama funguo hadi zikaacha kuzunguka.

"Siku utakayonikuta nimetoka mlango ule nimevaa, na hakuna mkono wa mtu ulionigusa, utanipeleka kwangu?"

Mulinge akautazama mguu, akautazama mkono. Nafikiri alikubali kwa sababu alijua haitawezekana. "Sawa. Mpaka Pasaka. Lakini hakuna kusaidiwa, Mum. Hata kifungo. Mtu akikugusa, hiyo haihesabiki, tunaenda Wote."

"Twaiba amesikia," akasema mama. Nami nilikuwa nimesikia, nikiwa upande wangu wa ua na ufagio mkononi.

Kuanzia hapo wateja wangu wengine walilalamika, na haki yao. Nilimshonea Mama Syovata gauni la kitambaa kinachovutika, shingo pana, halina kifungo wala zipu, mkono wa kulia mpana kuliko wa kushoto. Kwa ndani, kwenye upindo wa mkono ule wa kulia, nikamtilia uzi mwekundu mnene uwe alama: akiuona uzi, ajue ndipo mkono mgonjwa unapoingia. Kwenye viatu niliondoa kamba nikatia lastiki. Sidiria tuliizungumza kwa muda mfupi, tukaiaga.

Kuhusu leso tuligombana. Nilimwambia nimshonee lastiki kiunoni, aivute tu kama sketi. Alinitazama vibaya.

"Leso haitiwi lastiki. Leso inafungwa."

"Kwa mkono mmoja?"

"Kwa mkono mmoja."

Akaifunga. Alijifunza mwenyewe, mimi nikimtazama na mikono yangu nimeikalia. Anaegemea mhimili wa mlango, ncha moja ya leso anaibana baina ya nyonga na ubao, kisha anaizungusha leso nyuma kwa mkono wa kushoto hadi irudi mbele, anaichomeka, anaivuta, anaichomeka tena. Mara za mwanzo ilimdondoka. Baadaye ikawa haidondoki, na mhimili ule ukaanza kung'aa mahali nyonga yake ilipokuwa ikisugua.

Yaliyobaki yalikuwa mawili, na yote yako mbali: miguu na mgongo. Nguo ya ndani hawezi kuinama kuipitisha nyayoni bila kuanguka. Na gauni, akishalipitisha kichwani, linajikunja mgongoni juu kule, na mkono wa kushoto haufiki. Hapo ndipo alipokuwa akikwama kila asubuhi, anatukana kwa Kikamba, na mimi nashusha lile gauni kwa vidole viwili. Vidole viwili tu, lakini kwa hesabu ya Mulinge ni sawa na mwili mzima.

Haya yote Mwero alikuwa akiyasikia. Ukuta ule ni wa udongo. Alisikia leso ikidondoka, alisikia matusi, alisikia nikisema, "Ngoja nikushushie." Hakuuliza kitu. Angeuliza nini? Mama mkwe wangu anavaaje nguo zake za ndani? Mtu wa heshima yake hawezi kulitamka hilo hata mbele ya mkewe.

Jioni moja, nikiwa chumbani kwa mama, Dianah akaingia na kitu kimefungwa kwenye gazeti. "Mama, hii imetoka kwa Mwero," akasema, naye mwenyewe alikuwa haelewi.

Ilikuwa fimbo ya mwarobaini, nyepesi, urefu wa mkono wa mtu mzima, imepigwa msasa hadi imelainika. Upande mmoja alikuwa ametia kulabu ya spoku mbili za baiskeli alizozisokota pamoja, akazivisha mpira wa tyubu ili zisikwaruze ngozi wala kuchana nguo. Kulabu haikukaa wima, alikuwa ameipinda kidogo kando ili iende yenyewe nyuma ya bega. Upande wa pili alikuwa amechonga mpini, kila kidole kikapewa kitanda chake, na kidole gumba kikapewa pahali pa kukaza. Juu yake aliweka ukanda wa tyubu ili fimbo isianguke mkono ukichoka. Nimeona samani za mahotelini zisizo na mkono wa fundi kama ule. Nilimpa mama aishike.

Haikushikika. Pahali pa kidole gumba pakaangukia kidole cha mwisho. Aliposhika hivyo hivyo, kulabu ikatazama nje, mbali na bega. Alipoigeuza kulabu itazame ndani, mpini ukamkataa kabisa. Niliitia katika mkono wangu wa kulia, ikakaa kama imezaliwa humo.

"Ametengeneza ya mkono wa kulia," nikasema.

Dianah akaketi kitandani. "Hajui ni upi uliolala?"

"Miezi yote hii mama yuko kwake, hajui?"

"Atajuaje, Ma Twaiba? Hajawahi kumtazama."

Na ni kweli. Mkono wa kulia ndio wa kusalimia watu, na yeye hakuwahi kuupokea hata siku ya harusi yake. Mama akitoka nje, mkono uko chini ya leso na Mwero amegeuza mgongo. Alikuwa amesikia kwamba mkono mmoja umekufa, akakisia, akakosea.

Mimi nilikuwa tayari nimesimama niende kibandani. Mama Syovata akanizuia.

"Msimwambie."

"Mama, kazi ya dakika chache tu atachonga nyingine!"

"Mtoto wa watu amekaa akaufikiria mwili wangu asiutazame. Umewahi kuona heshima kama hiyo? Nimwambie amekosea? Tena nimwambie habari za mikono yangu? Nitaizoea."

Niliona ni upuuzi mtupu na nilimwambia. Watu wawili wazima, ukuta wa udongo katikati, na fimbo nzuri isiyofaa, kisa haya. Nilikasirika hadi nikaunguza kwa pasi mkononi mwa suruali ya mteja... mguuni, nataka kusema. Hata sasa nikikumbuka nachanganya maneno.

Akajaribu kuizoea. Aliishika kinyumenyume, akapindisha kiwiko, akapindisha kiuno ili kulabu impate. Kila asubuhi Mwero alikuwa akisikiliza fimbo yake ikigonga sakafu, na Dianah ananiambia usiku mumewe alikuwa akilala amefurahi. Pasaka inakaribia, na mimi bado nashusha gauni kwa vidole viwili.

Asubuhi aliyoanguka nilichelewa. Nilikuwa na nguo za watoto wa kwaya za kumalizia. Nikasikia mtu anaita "Ma Twaiba! Ma Twaiba!" kwa sauti iliyonitoa mbio na utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa Mwero. Amesimama nje ya mlango wa mama mkwe wake, ameupa mlango mgongo, mikono ameiweka kichwani, na machozi yanamtoka. Ndani kuna mtu anagumia.

Niliingia. Mama Syovata yuko chini, ubavu wa kulia. Gauni limempanda likamziba kichwa, na chini ya gauni hana kitu, nguo ya ndani imeishia magotini na kulabu bado imeishika. Alikuwa amejipinda kuitafutia kulabu pembe, mguu mbovu ukamtoka. Nilimfunua uso kwanza. Hakuumia mfupa, Alhamdulillahi. Aliumia kule kwingine.

Nilipomketisha nilitoka nje nikamkabili Mwero, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Umesimama hapa muda gani?"

"Tangu aanguke."

"Na hukuingia?"

"Ningeingiaje, Ma Twaiba?" akasema. "Niambie. Ningeingiaje?"

Angeingia, mama yule asingemsamehe, na yeye mwenyewe asingejisamehe. Hakuingia, na ona. Nilimwambia aende akanipashie maji.

Mama hakuyafumba macho nilipomvalisha siku hiyo. Alikuwa anautazama ukuta ule wa upande wa kibanda. Chai yake ikapoa. Kisha akaniambia nimpe ile fimbo, akasimama, akatoka.

Nilimfuata hadi mlangoni nikabaki hapo. Aliuburuta mguu uwanjani hadi kibandani. Mwero alimsikia anakuja, akageuza kigoda. Mama akazunguka kigoda. Mwero akainuka ageuke tena.

"Mwero. Mwanangu. Kaa."

Akakaa, macho kwenye ardhi. Baiskeli ya mteja ilikuwa juu chini pale mbele yake, gurudumu linazunguka polepole.

"Niangalie."

"Mama, siwezi."

"Nimeanguka nyumbani kwako na gauni kichwani. Hakuna kilichobaki cha kuficha. Niangalie mikono."

Nilimwona anavyoinua kichwa. Alianza na viatu vya miguuni, akapanda taratibu sana, akafika kiunoni. Mama akafunua leso. Mkono wa kulia ulikuwa hapo, umejikunja, vidole vimekauka. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika fimbo vibaya. Mwero aliitazama mikono ile miwili, akaitazama fimbo, na nikaona uso wake unavyoelewa. Akajifunika kwa viganja vyake vyeusi vya grisi.

"Ni kosa langu," akasema.

"Ni letu. Chonga nyingine."

Mwero akaniita nimletee chaki ya kushonea. Akachukua ufito mpya, akamnyooshea mama kwa ncha, mama akaushika kwa mkono wa kushoto, na Mwero akapiga alama za chaki pale vidole vilipokaa, mmoja baada ya mwingine, bila kumgusa. Alikuwa anapumua kama mtu anayevuka mto. Kisha akasema, "Basi, mama," akarudisha macho ardhini, na tangu hapo sijamwona akiyainua tena mbele yake.

Fimbo ya pili haikuwa nzuri kama ya kwanza. Aliichonga kwa haraka, msasa haukumalizika. Lakini ilishikika. Kulabu ilikwenda nyuma ya bega ikaivuta nguo chini yenyewe, ikashuka hadi nyayoni ikaileta nguo ya ndani juu. Akaongeza na kijiko cha kuvalia viatu alichokikata kwenye mtungi wa plastiki wa mafuta, kirefu, cha njano. Mama akawa anafunga mlango, nami nabaki nje, naongea na mlango. Mara mbili tatu alifaulu. Mara nyingine fimbo ilidondoka, au akachoka njiani akaniita. Hatukuwa na uhakika.

Jumatatu ya Pasaka Mulinge akaja mapema na gari. Dianah alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mwero alikuwa kibandani, amegeuza kigoda. Mimi nilivaa buibui langu zuri, sijui kwa nini.

"Yuko ndani peke yake?" akauliza Mulinge.

"Ingia ukaone," nikasema. "Mwanamume wewe, ingia ukamwone mamako anavyovaa." Akaacha maswali.

Tukasubiri. Tulisikia fimbo ikigonga kitanda. Tulisikia ikianguka, na Dianah akanifinya mkono kwa kucha zake, kisha tukasikia ikiburuzwa sakafuni ikaokotwa. Baadaye mhimili wa mlango ukalia kidogo, na nikajua ni leso.

Mlango ukafunguka. Mama Syovata akatoka, kidevu juu, leso imekazwa kiunoni, viatu miguuni, fimbo inaning'inia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto.

Gauni lilikuwa ndani nje.

Na si hivyo tu, lilikuwa nyuma mbele. Niliona mara moja ilivyokuwa. Nilikuwa nimelipiga pasi jioni kwa upande wa ndani na sikuligeuza. Yeye aliutafuta uzi mwekundu, akauona uko juu juu, akatia mkono mgonjwa pale pale nilipomfundisha. Alifuata alama sawasawa. Mishono yangu yote ikawa nje, nyuzi zimening'inia, shingo ya nyuma imembana koo, na ule uzi mwekundu unang'aa kwenye mkono wa kulia ili dunia nzima iuone.

Mikono yangu iliwaka moto. Wallahi iliwaka. Dianah naye aliona, akapiga hatua, akanyoosha mkono kama binti yeyote angenyoosha. Nikamdaka kifundo. Nikakibana hadi akanitazama, nikamtikisia kichwa. Mtu akikugusa, hiyo haihesabiki.

Mulinge aliona pia. Macho yake yalisimama shingoni, yakashuka kwenye uzi, akafungua mdomo. "Mum, gauni..."

"Gauni limefanyaje?"

Tulikuwa tunamtazama Mulinge sisi wawili, nami nilikuwa nasoma dua kimoyomoyo. Alimtazama mamake hadi macho yakamlowa.

"Ni zuri," akasema. "Gari iko hapa nje. Twende Mkongani."

Mama alipopita kibandani akasimama. Mwero aliinuka, macho ardhini, ameshika kofia.

"Mmependeza, mama," akasema Mwero, ambaye hakuona kitu.

"Ahsante, mwanangu," akajibu.

Akaingia garini mwenyewe, Mulinge amesimama kando na mikono mfukoni. Nilibaki barabarani hadi gari likapinda, naitazama mishono yangu dirishani.

Jioni, nilipotoka kuswali magharibi, simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Twaiba. Navua nguo hapa nilale."

"Ehe, mama."

"Hili gauni. Nilitoka nalo hivi? Mbele ya watu wote?"

"Ndiyo, mama."

"Na uliona."

"Niliona."

"Na hukunigusa."

"Sikukugusa."

Nilisikia ng'ombe wake wakilia huko nyuma. Kisha nikasikia anaanza kulia na yeye, polepole mwanzoni, halafu kwa sauti, kilio cha mtu aliyekiweka siku nyingi. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, kama kawaida yangu. Nilikaa kwenye mkeka, simu sikioni, nikanyamaza.